Zamu ya Kutandaza Nyasi

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, tena la mtu mwenye bidii. Winfrida Hyera alitandaza nyasi mwenyewe.

Umatengoni, kwenye miteremko mikali iliyo juu ya Mbinga, shamba la ngoro hulimwa na watu wawili. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzitandaza mlimani kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unagawanyika miraba. Mwanamke huja nyuma yake na jembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, na hapo linabaki shimo lililozungukwa na tuta la kupandia maharage. Mvua ikinyesha maji hukaa shimoni na udongo haushuki bondeni. Mashine zilipokuja kuchukua karibu kila kazi duniani, zililetwa huko pia, zikabiringika moja baada ya nyingine hadi mtoni, na watu wakaachiwa majembe yao. Kwenye chuo cha ukulima walimwambia Winfrida kwamba hayo ya mume na mke ni mila tu, na kwamba mtu mmoja anaweza kufanya yote. Aliwaamini. Alikuwa peke yake, angefanyaje?

Siku ya kukabidhiwa shamba alikuwa ameiota tangu utotoni. Chakula cha watu wengi kilikuwa kinachachushwa kwenye matangi ya Makambako, uji mzito wa kijivu unaotiwa ladha baadaye, na mashamba ya udongo yaliyobaki hai yalikuwa machache hata wazazi wakawa wanamtisha mtoto mvivu kwa kumwambia: usiposoma hutashika jembe! Kuingia chuo cha ukulima kulikuwa kugumu kuliko kuingia cha urubani. Na ukishahitimu, unabakiwa na mtihani ambao hauna wa kukunong'onezea jibu, nao ni kukubaliwa na shamba lenyewe. Unapewa msimu mmoja wa majaribio. Shamba likikukataa, unarudi ulikotoka.

Winfrida alitoka kwenye matangi. Alikuwa mkorogaji. Harufu ya uji ule ilimwingia kwenye nywele, akaenda nayo hata kwenye harusi ya dada yake, ambako wageni walihama meza kwa adabu. Alikuwa tayari kufanya lolote asirudi huko, na nadhani hilo ndilo jambo la kukumbuka kabla hujamhukumu.

Shamba alilopewa lilikuwa la marehemu Otmar Ndimbo, na bwana shamba, Alkwin Kapinga, alimhakikishia kwamba limeshalala, tayari kwa mtu mpya. Kwa hiyo Winfrida alivua viatu, akapanda mlima pekupeku kama sheria inavyotaka, akafyeka, na nyasi zilipokauka akazitandaza. Alipofika mraba wa mwisho alihisi nyayo zake zinapata joto. Akafurahi. Akafikiri ni jua.

Alipogeuka, bibi mmoja alikuwa amesimama chini ya mteremko, jembe begani, anaitazama ile miraba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi hakumwangalia. "Nyasi hizi umezitandaza wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Hakuna mwanamume aliyekusaidia?"

Winfrida akacheka. "Mwanamume nimtoe wapi? Sina."

"Basi sasa unaye," bibi akasema. Akakunja kanga yake kiunoni, akainama kwenye mraba wa kwanza, akaanza kuchimba.

Huyo alikuwa Gaudensia, mjane wa Otmar. Tangu amzike mumewe hakuwa amegusa jembe, maana hakuna mwanamke anayechimba pasipotandazwa nyasi. Winfrida alimshukuru sana. Alidhani amesaidiwa kwa wema tu.

*

Maharage yaliota haraka hata ikatia wasiwasi. Winfrida alipanda Jumatatu, na kabla wiki haijaisha mlima ulikuwa kijani kibichi kuanzia juu hadi chini, isipokuwa sehemu moja ya kileleni ambayo nyasi hazikuitosha. Kila alikopita majani yalimgeukia. Akienda kulia, yanaelekea kulia. Akisimama kunywa maji, yanatulia. Mara ya kwanza alipoliona hilo alilia kwa furaha, akampigia simu mama yake. "Limenipenda, mama! Shamba limenipenda!"

Kila shamba hai lilikuwa hai kwa sababu ya utando. Utando ni kuvu, nyuzinyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizopandwa ardhini baada ya udongo wa nchi kuchoka na kufa. Nyuzi hizo hubeba maji na chakula kutoka mzizi mmoja hadi mwingine, na hupashana habari kwa mapigo madogo ya umeme. Mkulima anayetembea pekupeku huzigusa kwa nyayo zake. Taratibu zinamjua: uzito wake, jasho lake, anavyokanyaga. Zikishamjua zinaanza kumwongoza, zinamchezesha mshipa wa mguu kidogo, aende panapokauka, aache palipolowa. Mkulima hodari huambiwa ana miguu mizuri. Maana yake ni kwamba yeye na shamba wamekwishaelewana.

Chuoni hawakusema utando uliomjua mtu humhifadhi mpaka lini. Labda nao hawakujua.

Asubuhi moja yenye ukungu Winfrida alikuwa amesimama chini kabisa ya shamba, hajapanda bado. Hapakuwa na upepo. Kule juu majani yakainama katika mstari mmoja, yakainuka. Mstari uliofuata ukainama, ukainuka. Kitu kilikuwa kinashuka mlimani kupitia maharage, na hakikuonekana. Kilikuwa na mwendo wake. Hatua nzito, kisha hatua ya kuburuta. Nzito, kisha ya kuburuta. Kikaja hadi mstari wa mwisho, mbele ya vidole vyake vya miguu, kikasimama.

Winfrida alitaka kukimbia. Badala yake akaona mguu wake wa kulia unasogea mbele, peke yake, unakanyaga udongo wenye joto. Kisha wa kushoto ukafuata. Uliburuzika.

Hofu ile hakuwahi kumsimulia mama yake. Alitembea shamba zima asubuhi hiyo kwa mwendo usio wake, akasimama mahali ambapo hakupanga kusimama, akainamia mimea na kuipapasa kwa mkono wa mtu aliyeifahamu miaka mingi. Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri! Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kila alipopelekwa palikuwa na mdudu wa kutoa au tuta la kuziba. Hakuwahi kulima vizuri namna ile maishani mwake.

Mchana ule mwendo ukampeleka kwenye ukingo wa shamba, chini ya jiwe kubwa, ambako maharage yalikuwa yamelala chali yote, yameacha nafasi ya urefu wa mtu. Akajilaza pale. Udongo ulikuwa vuguvugu, mtamu kama kitanda cha nyumbani, na alihisi vitu vyembamba vinamtambaa shingoni, bila kuuma. Hakutaka kuamka. Aliwaza tu, bila huzuni, kwamba amechoka na inatosha.

Alizinduliwa kwa makofi.

"Amka! Amka, mwanangu, hapo si pa kulala!" Bibi Gaudensia alikuwa amempigia magoti, anamtikisa kwa nguvu zake zote. Alipomwinua, nyuzi nyeupe zilikatika mgongoni mwake kwa sauti ndogo.

Wakakaa juu ya jiwe, wote wawili wanahema.

"Alifia hapo?" Winfrida akauliza.

Bibi alikuwa anamtoa udongo nywelini. "Alinipita mimi nachimba, anauburuza ule mguu wake wa kushoto kama kawaida, akaniambia anakwenda kupumzika. Nikamwambia haya, pumzika. Nilipomaliza mstari nikamfuata."

*

Bwana shamba Alkwin alifika siku ya ukaguzi na mashine yake ya kusomea udongo, kijiti cha chuma chenye kioo kidogo juu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi, na alianza kumpongeza Winfrida akiwa bado getini. Akachomeka kijiti, akatazama kioo. Utani ukaisha. Akachomeka mahali pengine, na pengine tena.

"Limekukubali," akasema hatimaye. "Limekukubali kupita kiasi. Tatizo ni kwamba halikujui wewe."

"Linamjua Mzee Otmar," Winfrida akasema.

Alkwin akamtazama mguu. "Umeanza lini kuchechemea?"

Akamweleza yote, hata habari za jiwe. Alkwin alisikiliza akiwa amechuchumaa, anachezea bonge la udongo. Alisema hajawahi kuliona jambo hilo, ila amelisikia. Shamba lilikuwa limelala kweli. Kilichomwamsha mzee ni nyasi. Katika maisha yote ya utando ule, mtu aliyetandaza nyasi alikuwa mmoja tu, na aliyechimba nyuma yake alikuwa mmoja tu. Nyasi zikatandazwa, jembe likafuata, mkono ni ule ule wa bibi. Shamba lingejuaje kwamba ni mtu mwingine?

"Angekuja bibi mwenyewe akatandaza, au ukachimba wewe, pengine lingeshtuka likakusoma upya," akasema. "Sasa limeshakutia kwenye nafasi yake, na litakutembeza njia yake yote. Yote, dada Winfrida. Mpaka pale kwenye jiwe."

"Nifanye nini?"

"Kuna dawa ya kusahaulisha. Tunamwaga juu, inashuka na maji, utando unafutika wote. Usalama wako utakuwepo. Lakini maharage yatakauka, shamba litakaa tupu, na msimu wako wa majaribio utakuwa umekwisha." Akasimama, akajipangusa magoti. "Nitarudi Alhamisi. Nikikuta hali ni hii, namwaga. Sitaki kuzika mtu mwenye umri wako."

Alipoondoka, Winfrida alibaki ameshika tama. Alisikia harufu ya uji wa tangi, hapo hapo katikati ya mlima wenye maua ya maharage, akajua ni akili tu inamchezea.

*

"Asimwage," Bibi Gaudensia akasema. Alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya tuta, wala hakuona haya kukiri. "Nilimzika mara moja. Mwambie asimwage."

"Bibi, huyo si mzee. Ni kuvu imekariri miguu yake."

"Na wewe ulipokuwa mtoto ulimjua baba yako kwa nini? Si kwa kishindo chake tu mlangoni?" Bibi akakaa kwenye tuta, taratibu. "Asubuhi ananishukia. Nakaa pale chini, anashuka mlima mzima mpaka mbele yangu, anasimama. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, na alikuwa mtu asiyesema. Hakuwahi kunipa zaidi ya hicho hata alipokuwa hai."

Machozi yalikuwa yanamtoka Winfrida, ya nani hakujua, yake au ya bibi.

"Nipe nyasi," bibi akasema.

"Nini?"

"Pale juu pamebaki mahali hapajatandazwa. Nipe nyasi nitandaze mimi. Wewe chukua jembe, chimba nyuma yangu. Si hivyo alivyosema Alkwin? Lishtuke, likusome upya."

"Kwa hiyo nafasi yake utaichukua wewe."

"Nitaichukua mimi."

"Litakutembeza, bibi. Litakulaza pale."

Bibi Gaudensia akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, unadhani nilipokutoa pale nilikuwa nakuonea huruma tu? Nilikuonea wivu."

Winfrida alikataa. Nataka ijulikane kwamba alikataa, tena kwa maneno makali. Alisema yeye si mtu wa kununua shamba kwa mwili wa bibi wa mtu. Alisema atamwita Alkwin siku hiyo hiyo. Bibi akamwacha aseme mpaka akachoka, kisha akamuuliza.

"Dawa ikimwagwa, wewe utakwenda wapi?"

Winfrida akashika nywele zake, akazinusa.

"Na mimi nitabaki na nani?"

Mguu wa kushoto wa Winfrida ulikuwa umeanza kusogea wenyewe kwenye udongo, unataka kwenda. Akaushika kwa mikono yote miwili. Alitamani mtu mwingine aje amwamulie, mama yake, mwalimu, padri, mtu yeyote. Hakuna aliyekuja. Akamtazama bibi, akaona uso uliokwisha kuamua zamani, na moyoni, chini kabisa mahali ambapo mtu hapendi kupaangalia, akahisi nafuu.

Alimletea nyasi yeye mwenyewe, mzigo baada ya mzigo.

Bibi alivua kandambili. Hakuwa amewahi kutandaza nyasi maishani, na mistari yake ya kwanza ilikwenda upande. Kisha huko chini majani yakaanza kuinama. Mstari kwa mstari yakapanda mlima, hatua nzito na ya kuburuta, yakampita Winfrida bila kumgusa, na Winfrida akahisi joto linatoka kwenye nyayo zake ghafla, akabaki amesimama kwenye udongo baridi kama mtu aliyefunuliwa blanketi. Mwendo ukafika alipo bibi. Ukasimama.

Bibi Gaudensia alifumba macho. Alipoyafumbua na kuinama tena, mistari yake ilinyooka. Alitandaza haraka, kwa mkono mpana wa kiume, bila kurudia, na hakugeuka nyuma hata mara moja kuona kama anayechimba anamfuata.

Winfrida akachimba. Jembe lilikuwa zito, viganja vilichubuka, na kila shimo alilikosea kidogo. Hakuna kitu kilichomwongoza. Alifanya kazi yake mbaya, ya mwanafunzi, ya kwake mwenyewe, na alipofika mwisho wa mstari nyayo zake zilichonyota kidogo sana, kwa woga, mfano wa mbwa mgeni anayemnusa mtu.

*

Alhamisi Alkwin alikuja na dumu la dawa. Aliliweka chini getini, akachomeka kijiti chake chini, katikati, na juu karibu na kilele. Alirudia. Kisha akacheka kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde.

"Hyera! Linasoma Hyera, uzito wako, jasho lako, jembe lako baya! Nani alikufundisha kuchimba hivyo? Umefanyaje?"

"Bibi alitandaza, mimi nikachimba. Kama ulivyosema."

"Na mzee?" Akatazama kioo tena. "Bado yupo kidogo, nasikia mapigo yake. Atafifia, bila shaka. Hana mguu wa kusimamia." Akamwaga utani wake wote uliokuwa umemkaa kooni tangu wiki iliyopita, akatoa leseni mfukoni, kadi ndogo ya kijani yenye picha yake, akampa kwa mikono miwili. "Hongera, mkulima."

Neno hilo Winfrida alikuwa amelingoja maisha yake yote. Lilipokuja likamkuta anatazama kule kileleni.

Alkwin alikuwa amegeuka tayari kuchukua dumu lake alipomwona Bibi Gaudensia kule juu, peke yake katikati ya maharage yaliyokuwa yakimwinamia pande zote. Alikuwa anavuka shamba kuelekea upande wa jiwe. Alikanyaga kwa nguvu mguu wa kulia, kisha akauburuza wa kushoto.

Bwana shamba akakunja uso. Mkono wake ulikuwa bado umeshika dumu.

"Bibi anaumwa mguu?" akauliza.

Kadi ilikuwa nyepesi mkononi. Winfrida aliitazama picha yake, akamtazama bibi, ambaye kwa mbali alionekana anatabasamu.

"Hapana," akasema. "Ni uzee tu, bwana shamba."